Kiwavi wa Mmea wa Maziwa, na Yasemwayo Juu Yake

Kila mwaka Pasaka ikaribiapo, makatekista na walimu wengi hutafuta mfano wa kuwaonyesha watoto maana ya Ufufuko, na mfano upendwao kuliko mingine ni ule wa kiwavi. Husemwa hivi: kiwavi hutambaa mavumbini kama mwanadamu katika dunia hii, kisha hufa, akazikwa katika sanda aliyojifanyizia mwenyewe, na siku zake zikitimia hufufuka, naye ni kipepeo mwenye mabawa mazuri, akaruka juu. Watoto hufurahi, na watu wazima huitikia, "Naam."

Sisi hatusimami kuwakataza walimu mifano. Twasema tu ya kwamba mwenye kufundisha kwa mfano imempasa kukijua kitu chenyewe kwanza. Mtoto wa shule si mtu wa kusikia na kunyamaza. Atamchukua kiwavi, atamtia chupani, atamtazama siku baada ya siku. Naye akiona ya kuwa mwalimu alisema neno lisilo kweli juu ya mdudu, atajiuliza kama yale mengine aliyofundishwa na mwalimu yule yule ni kweli. Hilo si jambo dogo. Kwa hiyo mwezi huu tumeona vema kuandika habari za kiwavi mmoja apatikanaye mahali pengi katika nchi zetu, pwani na bara, ili wazazi na walimu wamjue tangu yai hata mabawa.

Amtakaye mdudu huyu na autafute mmea wake kwanza, maana hawi mbali na chakula chake. Iko mimea ya jamaa moja ambayo ukivunja jani hutoka utomvu mweupe kama maziwa. Penye joto na mchanga, kando ya njia na katika mahame, huota kichaka kikubwa chenye majani mapana, mazito, ya kijani kilichofifia kana kwamba yamenyunyiziwa unga. Matunda yake kwa mbali yafanana na maembe mabichi, lakini ukiyaminya ni hewa tu, na mbegu zenye nyuzi laini kama hariri. Wataalamu hukiita Calotropis procera. Katika nchi za juu huota ndugu zake walio wembamba, wenye majani marefu na matunda kama vibofu vyenye nywele. Hao huitwa Gomphocarpus. Majina ya kienyeji ni mengi, kila kabila na lake. Mwalimu na awaulize wazee wa mahali pake.

Hapa lazima tuseme neno kwa akina mama. Maziwa ya mimea hii ni sumu. Mtoto akiyashika kisha akajifikicha macho, jicho litavimba, litauma, na huenda asione vizuri siku kadha. Dawa ya kwanza ni maji safi mengi, papo hapo, kumwagia jicho kwa muda mrefu bila haraka. Kisha apelekwe hospitali. Asitiwe jichoni dawa ya majani, wala maziwa ya mama, wala kitu kingine cho chote. Tena ndani ya utomvu huo mna sumu ipigayo moyo, na ng'ombe au mbuzi aliyekula mmea mwingi kwa njaa ya kiangazi aweza kufa. Kwa kawaida wanyama huuepuka wenyewe, kwa kuwa ni mchungu.

Basi chakula hicho kinachokimbiwa na mbuzi ndicho kiwavi wetu alichopewa.

Kipepeo mzazi aitwa kwa jina la kitaalamu Danaus chrysippus, jina ambalo sehemu yake ya pili alipewa na Linnaeus wa Uswidi mwaka 1758. Ni kipepeo wa kweli, si nondo. Watu wengi huwachanganya hao wawili, nasi hatuwalaumu, maana wako nondo warukao mchana na wenye rangi nzuri. Mwangalie papasi zake, zile nyuzi mbili za kichwani: za kipepeo zina kifundo nchani kama rungu dogo, za nondo ni nyembamba mpaka mwisho, au zina matawi kama unyoya. Tena kipepeo akipumzika mara nyingi husimamisha mabawa yake pamoja juu ya mgongo, na nondo huyalaza.

Upana wake, mabawa yakiwa wazi, ni kadiri ya sentimeta 7 au 8. Rangi yake ni ya chungwa bivu lililochanganyika na kahawia, yenye upindo mweusi ulio na vidoto vyeupe. Kichwa na kifua ni vyeusi, vimenyunyiziwa vidoto vyeupe kama kanga. Bawa la nyuma la jike lina madoa meusi 3 katikati. La dume lina 4, na moja ni nene kuliko mengine, kwa kuwa ni kifuko cha manukato yake. Mwalimu akiyajua madoa hayo tu, aweza kutambua dume na jike bila kumgusa.

Lakini asishangae akiona hawafanani wote. Wako wenye ncha ya bawa la mbele nyeusi, iliyokatwa na mkanda mweupe. Wako wasio na weusi huo wala mkanda, ni rangi ya chungwa mpaka nchani, nao ni wengi katika nchi kavu za mashariki ya Kenya na Somalia. Na wako wenye bawa la nyuma jeupe, ambao kwao hasa ni Afrika ya Magharibi. Wote ni watu wa nyumba moja. Hukutana na kuzaana katika nchi zetu, hata pande za Nairobi waweza kuwaona wa namna mbalimbali katika bustani moja. Mtaalamu mmoja Mwingereza, David Smith, aliwachunguza kwa miaka mingi, akianzia Dar es Salaam katika miaka ya 1970, na mwaka 2014 kikatoka kitabu kizima juu yao na jamaa zao. Wala si leo tu walipoanza kutazamwa. Katika kaburi la Nebamun, karani wa hesabu ya nafaka huko Thebes katika Misri, mchoraji wa kadiri ya miaka 1350 kabla ya Kristo aliwachora wakiruka juu ya mafunjo katikati ya ndege, na vidoto vyao havikusahauliwa. Kipande hicho cha ukuta kimewekwa katika British Museum, London.

Kuna na mdanganyifu. Yuko kipepeo mwingine, Hypolimnas misippus, ambaye jike lake limevaa nguo zile zile: chungwa, ncha nyeusi, mkanda mweupe. Huyo hana sumu. Hupita kati ya ndege kwa heshima ya mwenzake, kama mtu avaaye kofia ya askari apate kupita mlangoni. Mtamjua kwa bawa la nyuma: hana yale madoa 3 katikati, ana doa moja tu jeusi kwenye ukingo wa mbele. Dume lake halifanani naye hata kidogo, ni jeusi lenye madoa makubwa meupe yaliyozungukwa na zambarau, na asiyejua hataamini kwamba ni mume na mke.

Sasa tuje kwenye yai. Jike hutua juu ya mmea wa maziwa, hulionja jani kwa miguu yake, kisha hukunja tumbo na kubandika yai moja, mara nyingi upande wa chini wa jani. Huweka moja hapa, moja pale, asiyalundike. Yai ni dogo kuliko punje ya uwele, jeupe, lina mifuo ya kusimama kama pipa lililochongwa. Baada ya siku 3 mpaka 5 hutoka kiwavi mdogo, na chakula chake cha kwanza ni ganda la yai lake mwenyewe.

Kisha huanza kula jani, na kazi yake yote tangu hapo ni kula. Hukua mpaka ngozi ikambana, akaivua, akala tena. Huvua mara 4 katika hali ya kiwavi. Akiisha kukua huwa na urefu wa sentimeta 4 hivi, naye ni rahisi kujulikana: mwili una pete nyeusi na nyeupe na vipande vya manjano, na mgongoni ana jozi 3 za vipembe vyeusi laini, jozi karibu na kichwa, jozi katikati, na jozi karibu na mkia. Havichomi. Wako viwavi wenye nywele ziwashazo, lakini huyu hana nywele wala hamwashi mtu.

Mtazameni namna anavyokula, maana hapo pana akili. Kabla ya kula jani kubwa hukata kwanza mshipa wa jani upande wa shina. Maziwa humwagika pale alipokata, yasifike mbele. Kisha yeye huenda mbele ya jeraha akala jani lililopungukiwa maziwa, yasije yakamgandia kinywani. Sumu inayobaki haimdhuru. Huiweka mwilini, na kipepeo atakayetoka huwa nayo. Ndege mchanga amlaye mmoja huchukia uchungu wake, na tangu siku hiyo huikumbuka rangi ile. Kwa hiyo kipepeo wetu huruka polepole, bila haraka, kama mwenye shamba. Hata ngozi yake ni ngumu, akidonolewa na kuachwa huruka tena. Walakini si kila mmoja aliye na sumu nyingi. Hutegemea mmea aliolelewa juu yake.

Na kwa kuwa msimu wa mvua huleta hofu ya viwavi jeshi, tuseme wazi: huyu siye. Viwavi jeshi hula mahindi, mtama na majani ya malisho, huja kwa makundi, nao ni weusi au wa kijani-kijani wenye mistari ya kwenda urefu wa mwili. Kiwavi wa mmea wa maziwa ana pete za kuzunguka mwili na vile vipembe, wala haligusi hindi hata ukimtia njaa. Tumeona watu wakichoma kichaka kizima kwa moto ili waokoe shamba, na shamba halikupata faida yo yote.

Kiwavi akiisha kushiba, baada ya wiki 2 hivi penye joto, au zaidi kidogo penye baridi, huacha kula. Hutafuta mahali pa kujificha, chini ya jani au kijiti, hubandika kifundo cha hariri, hushika kifundo hicho kwa miguu ya nyuma, na kuning'inia kichwa chini, amejikunja mfano wa herufi J. Siku ya pili ngozi hupasuka nyuma ya kichwa, yeye hujinyonga-nyonga mpaka imesukumwa juu na kuanguka, na kilichobaki ni kitu laini, kisicho na miguu ya kuonekana, kinachoning'inia kwa ncha. Kikikauka huwa kijani, au hudhurungi iliyopauka kwa kufuata rangi ya mahali, chenye vidoto vya dhahabu ing'aayo. Hali hii huitwa pupa. (Neno hili tusilichanganye na pupa ya mlafi, ingawa ni ajabu: kiwavi ndiye mwenye pupa, na pupa mwenyewe hali kitu.)

Hapa ndipo yale maneno ya Pasaka yanapopimwa. Sanda iko wapi? Huyu hakujifanyizia sanda yo yote. Nondo wengi husokota kifuko cha hariri wakajifunga ndani. Kipepeo wetu huning'inia uchi. Basi neno la sanda limetoka kwa mdudu mwingine.

Na kifo kiko wapi? Pupa hajafa. Ubavuni ana vitundu anavyovutia pumzi. Mshipa wa mgongoni, ambao ndio moyo wa wadudu, hupiga. Ndani yake ni kazi kubwa: sehemu nyingi za mwili wa kiwavi huvunjwa-vunjwa na kufanywa chakula cha kujengea mwili mpya. Lakini si zote. Mirija ya pumzi hutengenezwa upya, haitupwi, na machipukizi ya mabawa yalikuwamo tangu alipokuwa kiwavi akila majani. Zamani wenye elimu wa Ulaya nao walidhani ya kuwa kiwavi hufa na mnyama mwingine hutokea mahali pake. Mholanzi Jan Swammerdam, mtu mcha Mungu sana, alipasua viwavi kwa visu vidogo, akaona mabawa yamekunjwa chini ya ngozi, na mwaka 1669 akachapisha kitabu cha kuonyesha ya kuwa ni mdudu yule yule tangu mwanzo hata mwisho.

Pupa afaye kweli hatoki kipepeo. Wako nzi watagao mayai yao juu ya viwavi. Mabuu yao huingia ndani na kumla polepole. Pupa wa namna hiyo hugeuka mweusi, hulegea, na watokao ni mabuu ya nzi. Mtoto aliyefundishwa ya kwamba pupa ni mfu atakayefufuka, akaiona chupa yake ikijaa mabuu, atakuja na swali. Mwalimu atamjibu nini?

Lakini hatari iliyo kubwa ni nyingine. Bwana wetu alikufa kweli. Hakuzimia, hakulala usingizi, wala hakujificha kaburini kwa siku tatu. Ndiyo imani yetu, na pasipo hiyo Pasaka haina maana. Sasa mtu akilinganisha kaburi lile na pupa, na msikilizaji akajua ya kuwa pupa yu hai muda wote, mfano utamfundisha kinyume cha yale mwalimu aliyokusudia. Atasema moyoni, "Kumbe hata Yeye hakufa." Twaona afadhali walimu wauache mfano huu siku ya Pasaka, wautumie siku ya kuwaandaa wakatekumeni kwa Ubatizo. Maana hapo wafaa zaidi: ni yule yule, hakufanywa mwingine, lakini amegeuzwa, na jani alilolipigania jana halitaki tena, sasa hunywa asali ya maua. Hata hapo mfano una mpaka wake. Ile sumu aliyoila utotoni bado anayo mwilini, na yamfaa.

Siku 9 mpaka 15 zikipita, pupa hugeuka rangi, na mabawa huonekana kwa ndani. Mara nyingi asubuhi ganda hupasuka, kipepeo hutoka na mabawa yaliyokunjamana kama kitambaa kilichoshikwa mkononi. Hushika ganda tupu, huning'inia, na kuyajaza mabawa maji ya mwili wake mpaka yanyoke. Katika saa hiyo hudondosha maji mekundu-mekundu. Wengine wameyaona matone hayo sakafuni wakadhani ni damu, na wengine wamefikiri mabaya zaidi. Si kitu, ni takataka za mwili zilizokusanyika alipokuwa pupa.

Dume lina haja nyingine ambayo jike halina. Hutafuta mimea fulani iliyonyauka, kama marejea, na kufyonza maji yake machungu, nayo hugeuka kuwa manukato ya kumvutia jike. Ukiona vipepeo wa rangi hii wamekusanyika juu ya marejea yaliyokatwa na kukauka, watazame madoa: utakuta wengi ni madume.

Lipo jambo la mwisho ambalo mwalimu wa pande za Nairobi au Kampala yampasa kulijua kabla hajaanza kukusanya mayai. Huenda mayai mengi yasianguliwe, karibu nusu, na wote watakaotoka wawe majike. Asidhani alikosea, wala asikubali mtu aseme chupa imetiwa kijicho. Mwaka 2000 wataalamu waliowachunguza vipepeo hawa wa Kampala walitangaza kuwa majike mengine yana kijidudu cha ugonjwa kiitwacho Spiroplasma, ambacho mama humrithisha mtoto katika yai, nacho huua watoto wa kiume kabla hawajatoka. Pande za Nairobi jambo hilo limeonekana pia, tena sana. Mtu akiyahesabu mayai na watoto, akaandika katika daftari, ataweza kujua kama mama wa watoto hao alikuwa nacho au la.

Wa kulea na afanye hivi. Achukue chupa pana, afunge kinywa kwa kitambaa chepesi, asitumie kifuniko cha bati. Jani jipya la mmea ule ule kila siku. Ukimpa kabichi atakufa. Kinyesi kitolewe kila asubuhi, kisiote ukungu. Kiwe na kijiti ndani cha kuning'inia. Viwavi wasizidi 2 au 3 katika chupa moja, maana chakula kikipungua hushambuliana. Majani yakatwe na mtu mzima, na watoto wote wanawe kwa sabuni kabla ya kushika macho au chakula. Kipepeo akitoka aachwe saa kadha mabawa yakauke, kisha afunguliwe mchana jua likiwa limepanda, karibu na mmea wa maziwa. Na chupa hiyo isitumiwe tena kwa maji ya kunywa.